Muhuri Hauzimi Moto

Kila aliyewahi kujenga nyumba Tanzania Bara anaifahamu biashara ya muhuri. Fundi wa mtaani anatandaza nyaya, anafunga swichi na soketi, anaweka sakiti breka, kisha anamwambia mwenye nyumba kwamba kazi imekwisha. Siku ya kupeleka maombi ya kuunganishiwa umeme, mwenye nyumba anaelezwa kwamba mchoro na fomu lazima viwe na muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Fundi anapiga simu. Mkandarasi ambaye hajawahi kufika katika nyumba hiyo, na pengine hata mtaa wenyewe haujui, anagonga muhuri, anapokea chake, na maombi yanasonga mbele. Mwenye nyumba ameridhika, fundi ameridhika, mkandarasi ameridhika, na jalada la ofisini halina dosari. Kilichokosekana ni kimoja tu: hakuna mtu mwenye leseni aliyeikagua kazi ile.

Naandika makala haya kupinga imani iliyojengeka miongoni mwa watunga kanuni wetu, kwamba kila hatari inayojitokeza katika ufundi na biashara ndogo dawa yake ni leseni nyingine, cheti kingine, au ada nyingine. Hoja yangu ni kwamba mfumo wetu wa udhibiti umejifunza kusimamia karatasi na kusahau kuisimamia kazi. Gharama ya usahaulifu huo inalipwa na watu wawili ambao sauti zao hazisikiki katika kumbi za mikutano ya wadau: fundi mdogo anayebaki nje ya sheria ilhali kazi anaifanya yeye, na mwenye nyumba anayelala chini ya dari lenye nyaya zisizokaguliwa na mtu.

Tuanze na sheria yenyewe. Kwa miongo mingi shughuli za umeme nchini ziliongozwa na sheria iliyorithiwa kutoka enzi za mkoloni. Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Umeme, Sura ya 131, na usimamizi wake ukawekwa mikononi mwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Chini ya sheria hiyo zimetungwa kanuni za huduma za ufungaji mifumo ya umeme, na kanuni hizo zimefanyiwa mabadiliko zaidi ya mara moja. Zinagawa leseni katika madaraja: A, B, C na D kwa kadiri ya ukubwa wa umeme na uzito wa kazi, W kwa mafundi wa kutandaza nyaya, na S kwa kazi maalumu. Anayetaka leseni lazima aoneshe cheti cha elimu ya ufundi na uthibitisho wa uzoefu.

Sina ugomvi na lengo hilo. Umeme hausamehi. Kiungo cha waya kilicholegea hutoa joto, joto hula ganda la waya, na moto huanza darini usiku watu wakiwa wamelala. Nyumba isiyo na waya wa ardhi uliofungwa sawasawa huweza kuligeuza jokofu kuwa mtego kwa mtoto anayetembea peku kwenye sakafu yenye maji. Waya mwembamba uliofungwa sakiti breka kubwa kuliko uwezo wake utaungua kabla breka haijakata. Haya hayategemei itikadi ya mtu. Ni kweli kwa tajiri na kwa maskini, na dola inayojiheshimu haiwezi kuyaachia soko liyaamue.

Katiba yetu nayo inaliweka jambo hili katika mizani. Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi. Ibara ya 22 inatambua haki ya kufanya kazi. Udhibiti wa ufundi umeme unakaa katikati ya haki hizo mbili. Mdhibiti anapomzuia mtu asifanye kazi, uhalali wake pekee ni kwamba anamlinda mtu mwingine asife. Kama kizuizi kipo na ulinzi haupo, basi haki moja imevunjwa bila ya nyingine kulindwa. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia hapa, nami namwalika msomaji akitumie katika kila kanuni mpya atakayoisoma.

Sasa tumtazame fundi. Chukua kijana aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne, akajishikiza kwa fundi mzoefu kama saidia fundi. Kwa mwaka wa kwanza alibeba ngazi na kutoboa kuta. Mwaka wa pili akaanza kuvuta nyaya. Mwaka wa tano anaifunga nyumba nzima peke yake, na mtaa mzima unamwita kwa jina la kazi yake. Ujuzi wake ni wa kweli, japokuwa una mapengo: huenda hajui kupima ukinzani wa ardhi, huenda hajawahi kukishika kifaa cha kupimia insulasheni ya waya. Kwa sheria yetu kijana huyu hayupo. Lakini kwa hali halisi, sehemu kubwa ya nyumba za watu wa kipato cha chini katika miji yetu na vijiji vyetu imefungwa na mikono kama yake.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu mzuri wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa, anafundishwa pale alipopungukiwa, anapewa cheti. Ni utaratibu unaostahili pongezi. Ila ujiulize: baada ya cheti hicho, safari inayomkabili ni ipi?

Inamkabili EWURA kwa ajili ya leseni ya ufungaji. Akitaka kuwa mkandarasi wa kuomba zabuni, inamkabili Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, yenye ada yake ya usajili na ada yake ya kila mwaka. Inamkabili BRELA kwa ajili ya jina la biashara au kampuni, Mamlaka ya Mapato kwa namba ya mlipakodi na mashine ya risiti, halmashauri kwa leseni ya biashara, OSHA kwa usajili wa mahali pa kazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi pindi anapoajiri mtu. Kila ofisi ina fomu yake, mfumo wake wa kielektroniki, nywila yake, kalenda yake na faini yake. Na kila moja inamwomba nakala za nyaraka zilizotolewa na ofisi nyingine ya serikali ileile.

Kila ofisi kati ya hizo, ukiihoji peke yake, ina sababu ya kuwapo. Hapo ndipo mtego ulipo. Hakuna mtumishi anayeona jumla ya mzigo, kwa kuwa kila mmoja anaona gunia lake tu. Anayeyabeba yote ni fundi. Anapopiga hesabu ya nauli, siku za kazi alizopoteza, ada, na hofu ya kukosea fomu, anafikia uamuzi ambao ni wa busara kabisa kwa mtu aliye katika nafasi yake: kununua muhuri wa mwenzake kila anapopata kazi ni nafuu kuliko kuwa na wa kwake. Biashara ya muhuri, kwa hiyo, imezaliwa na hesabu, na hesabu hiyo imeandikwa na kanuni zetu wenyewe. Tukiwalaumu mafundi kwa tabia mbaya tutakuwa tumemhukumu mwanafunzi kwa kosa la mtunga mtihani.

Nitakuwa mwizi wa fadhila nisipokiri kwamba Serikali imechukua hatua. Mwaka 2018 iliidhinishwa ile andiko kubwa la maboresho ya mfumo wa udhibiti wa biashara, ambayo utekelezaji wake wengi tunaujua kwa jina la MKUMBI. Mwishoni mwa mwaka huohuo vikatolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi Sh4 milioni kwa mwaka. Mwaka 2021 kiwango cha waajiriwa kinachomlazimu mwajiri kulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kilipandishwa kutoka wanne hadi 10. Mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani kilipandishwa kutoka Sh100 milioni hadi Sh200 milioni. Hizi ni nafuu za kweli, na waliozipigania wanastahili heshima.

Hata hivyo, zitazame kwa makini. Karibu zote zinamfaa aliyekwisha kuingia mlangoni. Mwenye kampuni yenye waajiriwa saba alipata ahueni. Mwenye mauzo ya Sh150 milioni alipata ahueni. Saidia fundi aliye nje ya ukuta hakuguswa. Kitambulisho cha mjasiriamali kilimpa machinga amani ya kupanga bidhaa zake, lakini hakumpi fundi umeme ruhusa ya kuweka sahihi kwenye kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Tumepunguza ada za ndani ya nyumba, ngazi ya kuingilia tukaiacha na urefu uleule.

Kadhalika katika manunuzi ya umma. Sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeendeleza azma hiyo. Lakini kikundi cha vijana mafundi umeme hakiwezi kuigusa asilimia hiyo kwa kazi za umeme kama hakina usajili unaotakiwa. Kinachobaki ni kuwa kibarua wa mkandarasi mkubwa, akalipwa mwisho kabisa, baada ya mkandarasi kulipwa, ambaye naye mara nyingi anaisubiri Serikali imlipe. Aliye chini kabisa ya mnyororo ndiye anayeikopesha miradi yetu mikubwa, tena bila riba, naye hana habari kwamba ni mkopeshaji.

Najua majibu mawili yatakayokuja, nami nayajibu mapema.

Jibu la kwanza litatoka kwa baadhi ya watumishi wa umma ninaowaheshimu. Watasema: ukilegeza masharti, watu watakufa. Nawauliza: je, masharti yaliyopo yanawazuia kufa? Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, katikati kabisa ya jiji kubwa kuliko yote nchini, na kuua watu. Halikuwa porini. Lilikuwa katika eneo ambalo bodi za kitaaluma, halmashauri, mamlaka za usalama kazini na zimamoto zote zina mamlaka nalo. Sisemi umeme ndio ulioliangusha. Nasema kwamba wingi wa wenye mamlaka haukuwa wingi wa macho. Pale ambapo ofisi saba zinahusika, ni rahisi kila moja kuamini kwamba zile sita zimekwisha kuangalia. Usalama unatokana na mtu mwenye ujuzi kufika, kufungua boksi, kupima, na kuandika jina lake chini ya alichokiona. Karatasi inayosema kwamba mtu huyo alifika, wakati hakufika, ni hatari kuliko kutokuwa na karatasi kabisa, kwa maana inamtuliza mwenye nyumba ambaye angepaswa kuwa na wasiwasi.

Jibu la pili litatoka kwa baadhi ya wanafunzi wangu waliosoma uchumi wa soko huria na kuupenda kupita kiasi. Watasema: futeni leseni, mteja ataamua. Hapana. Mteja anaweza kuonja chapati akajua kama imeiva. Hawezi kuona kiungo cha waya kilichofichwa ndani ya plasta. Atakapogundua kwamba fundi wake hakuwa mzuri, itakuwa amechelewa. Zaidi ya hayo, moto haumwungui mteja peke yake. Katika nyumba zetu za kupanga, zenye familia sita chini ya paa moja, uamuzi mbaya wa mwenye nyumba unamwunguza mpangaji ambaye hakushauriwa. Naitaka dola iwepo. Ninachoitaka zaidi ni iwepo mahali kazi inapofanyika.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za wafadhili.

La kwanza, cheti cha kumaliza kazi ya umeme kiwe na majina mawili: la aliyetandaza nyaya na la aliyekagua. Leo jina la fundi halionekani popote, na ndiyo maana ni rahisi kumficha. Likiandikwa, mambo mawili yatatokea kwa mpigo: mwenye leseni atasita kukisainia asichokiona, na fundi ataanza kujikusanyia kumbukumbu ya kazi inayoweza kumpandisha daraja. Cheti hichohicho kitakuwa fimbo kwa mmoja na ngazi kwa mwingine.

La pili, ukaguzi wa kushtukiza. Haiwezekani kukagua kila nyumba, wala haihitajiki. Inatosha nyumba chache zichaguliwe kwa bahati nasibu katika kila wilaya, kila mwezi, zikapimwe kwa vifaa, na matokeo yatangazwe hadharani pamoja na daraja la leseni iliyotumika. Mkandarasi akikutwa amesaini nyumba ambayo hajaifikia, leseni yake isimamishwe. Hofu ya kukaguliwa kweli mara moja inafanya kazi kuliko uhakika wa kuombwa karatasi mara saba.

La tatu, daraja W lifungamane moja kwa moja na urasimishaji wa ujuzi. Fundi aliyefaulu upimaji wa VETA atoke na cheti na leseni siku hiyohiyo, katika meza hiyohiyo. Dola moja haina sababu ya kumpima mtu, ikajiridhisha kwamba anajua kazi, kisha ikamtuma kwa ofisi yake nyingine akathibitishe upya kwamba ile ya kwanza haikudanganya.

La nne, jalada moja. Namba ya mlipakodi, namba ya usajili wa biashara na kitambulisho cha taifa vinatosha kumtambua mtu. Ofisi zisomane zenyewe. Hati ambayo Serikali imeitoa, Serikali isimtume mwananchi kuileta.

La tano, lugha. Kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria za nchi hii. Pamoja na hayo, kanuni nyingi za kiufundi zinazomgusa fundi bado anazikuta kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mahakamani. Kanuni inayochapishwa katika Gazeti la Serikali huanza kumfunga mtu hata kama hajaiona, na kutokujua sheria hakumwokoi mtu. Kama kanuni ni hiyo, basi haki inadai sheria iandikwe kwa lugha anayoitumia anayeambiwa aijue. Mikutano ya wadau nayo itoke kwenye hoteli za mijini, ifike katika karakana na vituo vya mafundi, saa za jioni, wakiwa wamemaliza kazi.

Kwa nini haya ni ya haraka? Kwa sababu nchi yetu iko katika kipindi ambacho haijawahi kukipitia. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Nguzo za Wakala wa Nishati Vijijini zimefika katika vijiji ambavyo miaka 20 iliyopita vilikuwa vikijua taa za chemli tu. Katika mkutano wa nishati wa Afrika uliofanyika Dar es Salaam Januari 2025, Tanzania ilijiwekea lengo la kufikisha umeme kwa asilimia 75 ya wananchi ifikapo mwaka 2030. Maana yake ni mamilioni ya nyumba zitakazotandazwa nyaya ndani ya miaka michache. Nani atazitandaza? Wahandisi wetu hawatoshi, na hata wangetosha, hawataenda kufunga taa tatu na soketi mbili katika nyumba ya tope huko Namtumbo. Atazitandaza yule kijana ambaye sheria haimjui.

Tunaweza kumwacha gizani, aendelee kuazima mihuri, na kila nyumba mpya inayowashwa iwe na swali ambalo hakuna aliyelijibu. Au tunaweza kumleta katika mwanga, tukamfundisha kilichompungukia, tukaandika jina lake, tukamkagua na kumdai uwajibikaji kama tunavyomdai mtaalamu mwingine yeyote. Uamuzi huo haumsubiri Mungu wala mfadhili. Unasubiri marekebisho ya kanuni, ambazo huandikwa na watumishi wa umma, baadhi yao waliokaa katika madarasa yetu.

Kwenu wanafunzi: mnapoandika tasnifu kuhusu utawala bora, nendeni mkahesabu siku na shilingi anazotumia fundi mmoja kupata leseni moja wilayani kwenu. Takwimu hiyo itatikisa meza kuliko nadharia kumi. Kwenu wanaharakati: haki ya fundi kutambuliwa na haki ya mpangaji kutoungua ni kesi moja; msizitenganishe. Na kwenu watumishi wa umma mnaosoma makala haya wakati rasimu ya kanuni iko mezani: kabla ya kuongeza kifungu kingine chenye neno "atawasilisha", jiulizeni kama kuna kifungu hata kimoja kinachosema ni nani atakwenda kuitazama kazi.

Naomba kutoa hoja.